Boti ya mashine kubwa haitaki kwenda pole ukirambaza: yalonipata mie huku Pemba

Assalaam alaykum jamani. Swali la ndugu yetu wa Mkokotoni nimelisoma mara mbili, kanunua boti ya faiba ilokuwa ikipeleka watalii Mnemba, futi 26, tezini, yaani nyuma, mashine mbili za nguvu farasi 115, sasa anataka kurambazia nguru, yaani kuburura chambo nyuma ya boti inayokwenda, na anasema hata akishusha moto wa mashine mpaka chini kabisa jipiesi inamwandikia noti tano na nusu (noti ni maili ya baharini kwa saa) na chambo kinazunguka kwenye maji kama feni. Walomjibu kabla yangu wamemwambia auze boti atafute mashine ndogo. Yakhe usiuze kitu. Mie nilianza na boti ya namna hiyo hiyo huku Wete, mashine mbili za 85, na msimu wa kwanza mzima nilikuwa narudi petroli imekwisha na samaki wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, huku mzee wa Kojani alokuja dago, yaani kambi ya uvuvi, na ngalawa yake ya tanga anashusha nguru watano sita na hata jasho halimtoki. Chambo chetu kilikuwa kimoja, vibua vile vile tumenunua kwa mtu mmoja. Tofauti ni mwendo tu. Upepo ukiwa wa kiasi ngalawa inakwenda mwendo ambao nguru anautaka bila ya mtu kuhangaika na chochote, sie tulio na mashine ndio tunatafuta dawa.

Lakini kabla hatujafika kwenye ndoo na mabati ya kupunguzia mwendo, nikuulize, hizo noti tano na nusu ulizisoma ukiwa unaelekea wapi? Kwa sababu jipiesi inapima boti imekwenda umbali gani juu ya ardhi, habari ya maji haijui kabisa, na chambo kinaishi kwenye maji. Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, kusi ikishika unapata nguvu mpaka kwenye mlango wa bahari baina ya Pemba na bara unaweza kufika hata noti nne, kaskazi ikija unalegea. Sasa kama ulitoka Nungwi ukawa unapandisha kaskazini na mkondo wa noti mbili upo nyuma yako, boti yako ilikuwa inakwenda noti tatu na nusu tu kwenye maji, na huo ni mwendo mzuri tu wa nguru, na kama kibua kilikuwa kinazunguka kwa mwendo huo basi kosa lipo kwenye ulivokifunga, si kwenye mashine. Na kama ulikuwa unateremka kusini unaukata mkondo, na bado inakuandikia tano na nusu, hapo una noti saba na nusu majini, ugonjwa mwengine kabisa.

Kupima ni rahisi. Acha moto ule ule wa chini, nenda dakika tano upande mmoja, andika, geuza nenda dakika tano kwa njia ile ile uliyojia, andika, jumlisha gawa kwa mbili, hiyo ndiyo kasi yako ya kweli. Mie nilipofanya hivi nje ya mlango wa Njao nilipata tano kwenda na tatu kurudi, kumbe boti yangu ni ya noti nne na siku zote nilikuwa naitukana bure. Baada ya hapo jipiesi nikaiacha ya kutafutia mwamba tu, mwendo nautazama kwenye chambo chenyewe. Kabla ya kukiachia nakiweka ubavuni mwa boti natazama kinaogelea vipi, kikitikisa mkia sawa, kikibiringika si sawa. Kibua hai ukimuona mdomo umebaki wazi kama anapiga mwayo basi unamuua, huyo anataka noti moja na nusu, mbili, mwisho kabisa tatu. Kibua alokufa akifungwa vizuri anavumilia mpaka nne, tano.

Haya, kwa nini boti yenyewe inakimbia hata moto ukiwa chini. Tazama panga la propela yako, pameandikwa namba mbili, ile ya pili ndiyo inayokuhusu. Tuseme ni 19, maana yake propela ikizunguka mara moja ingekuwa inapenya kwenye kitu kigumu ingekwenda mbele inchi 19, karibu sentimita 48. Mashine ikilala mizunguko 700 kwa dakika na gia inaigawa kwa mbili na kidogo, propela inapiga kama 330 hivi, zidisha mwenyewe, ni mita 158 kila dakika, yaani noti tano na ushei. Maji hayashikiki kama ubao kwa hiyo inateleza sana na unabaki na tatu au tatu na nusu. Ndio maana boti ya watalii inakuwa mkaidi, walifunga propela ya kukimbilia Mnemba kabla jua halijawa kali, hawakufikiria nguru. Ukishuka mpaka 17 mwendo wa chini unapungua kama sehemu moja kwa kumi, na mwendo wa juu pia unapungua, na mashine ikifunguliwa moto wote itapanda mizunguko mia tatu mia nne zaidi, kwa hiyo uangalie isivuke kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kama propela yako imeshaliwa na matumbawe na unataka kununua mpya hata hivo, nunua yenye namba ndogo. Kama ni nzima usihangaike, faida si kubwa kiasi hicho.

Kitu cha kwanza ambacho hakigharimu hata shilingi, zima mashine moja. Watu wengi wakizima wanainyanyua, wanaona ikibaki majini inazuia boti. Sasa si ndio unachotaka? Iache chini imezimwa, propela yake inaburura maji, inakusaidia kupunguza. Kwangu mie kutoka noti nne nilishuka kwenye tatu kasoro kidogo. Usukani utavuta upande mmoja, utauzoea, na kila saa moja ubadilishe uwashe nyengine uzime hii ili zichoke sawa. Tena kama mashine zako ni za miaka ya karibuni tazama kama zina kidude cha kurambazia karibu na gia au kwenye skrini, zipo zinazokuruhusu kushusha na kupandisha mizunguko hamsini hamsini. Jamaa yangu alikaa na yake mwaka mzima anadhani ile swichi ni ya taa.

Wapo wanaotia gia wakatoa, wakatia wakatoa. Inafaa ukiwa na kibua hai na unapita juu ya mwamba taratibu, lakini mkono unachoka, mshipi unalegea na kukaza, na ile kaa-kaa ya gia mchana kutwa siipendi kuisikia. Na yule aloshauri kurambaza kwa kurudi nyuma tezi ikitangulia, ndugu yangu, hayo ni ya ziwani. Hapa wimbi moja la kusi linakuja kukaa na wewe ndani ya boti.

Sasa ndoo. Hii ndiyo nilokaa nayo muda mrefu na mpaka leo nnazo mbili chini ya kiti. Chukua ndoo za rangi za lita 20, zile ngumu, mkono wake wa waya ung'oe utupe maana haufiki hata nusu saa, toboa matundu manne chini kidogo ya ukingo, pitisha kamba nne fupi zikutane kwenye fundo moja mbele kama mwavuli, hapo ndio unafunga kamba kubwa. Kitako chake toboa matundu matano sita ya ukubwa wa kidole gumba, bila ya matundu ndoo inaruka ruka na kupiga ubavu wa boti kama mtu anabisha hodi, na samaki nae anasikia. Halafu kwenye kitako funga kamba nyembamba ya pili inayorudi botini ikiwa imelegea, hiyo ni ya kuipindulia, ukiivuta ndoo inageuka inamwaga maji na unaitoa kwa mkono mmoja. Bila ya hiyo kamba utavutana na lita 20 za maji yanayokwenda mbio na mgongo utakwambia usiku. Ndoo moja kila upande, zifunge kwenye vyuma vya kufungia kamba vya mbele au katikati, usifunge tezini, tezini ndiko mishipi iliko. Kwangu kila ndoo ilikula kama nusu noti. Wazee walikuwa wakitumia tenga au gunia kwa kazi hii hii, si kitu kipya.

Urefu wa kamba, hapa nataka unisikilize. Pima kutoka pale ulipofunga mpaka kwenye propela, kamba na ndoo yake pamoja viwe vifupi kuliko hapo, hata ukikata kona kali hata ikikatika fundo la upande mmoja isiweze kufika. Mie nilijua hilo na bado siku moja nikaongeza kamba pima moja, urefu wa mikono miwili ilonyooshwa, kwa sababu ndoo ilikuwa inapiga kelele na nnaona uvivu kutoboa matundu zaidi. Tupo nje ya Fundo, mshipi wa kulia ukapiga, kijana wangu kwa furaha akageuza usukani ghafla, ndoo ikapita chini, kamba ikajisokota kwenye propela na mashine ikazima kwa mshindo mmoja. Ile nyengine ilikuwa imezimwa, kuiwasha betri imelala, maana mashine ikienda moto wa chini masaa mengi hailishi betri vya kutosha na redio tulikuwa tunaipiga tangu alfajiri. Mkondo unatuchukua, nguru bado yupo kwenye mshipi, na mie nimevua shati nimo majini na kisu cha kuparia samaki mdomoni nakata kamba ya nailoni ilokuwa ngumu kama chuma. Tulitoka salama alhamdulillah, nguru alikata akaenda zake. Tangu siku hiyo mshipi ukipiga, kazi ya kwanza ni mtu mmoja kutoa ndoo, ndio mengine yafuate, na boti haikatwi kona, inaendelea mbele pole pole.

Lile bati la kufunga nyuma ya propela, lenye bawaba, unalishusha linaziba maji yanayosukumwa na boti inapungua mwendo. Linafanya kazi kweli. Nilichongesha moja kwa fundi wa chuma, wiki ya tatu nikasahau kulipandisha, nikafungua moto kurudi nyumbani, likapinda kama jani la mgomba na bawaba moja ikabaki baharini. Mtu asiesahau atalifurahia. Mie si mtu huyo.

Dawa hasa, ukipata pesa, ni mashine ndogo ya pembeni. Sikwambii uuze kubwa, ongeza ndogo, ya 8 au ya 15 iliotumika inatosha sana kusukuma futi 26 kwa mwendo wa nguru, na ikiwa na propela ya namba ndogo ndio bora. Mashine kubwa iache chini imezimwa, ile miguu yake inakuwa kama usukani unaonyoosha boti, halafu kuna wanaounganisha ndogo na kubwa kwa fimbo ya chuma ili zigeuke pamoja. Petroli utashangaa, siku nzima ya kurambaza ndogo inakula kidogo sana ukilinganisha na kubwa ilolala tu. Na kubwa ikikufia huko nje unayo ya kurudia. Ila kile kiti cha kuifungia kisifungwe kwa skrubu kwenye faiba tupu, tezi za boti nyengine ndani mna ubao ushaoza, gonga gonga kwanza usikilize, kisha boliti zipite mpaka upande wa pili na ubao mgumu nyuma yake.

Kama mashine zako ni tu stroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, moto wa chini muda mrefu unalowesha plagi kwa oili na zinaanza kukohoa. Kila baada ya saa moja hivi kusanya mishipi, fungua moto dakika mbili tatu zisafishe koo, na plagi za akiba pamoja na spana yake viwe kwenye kopo lisiloingia maji. Na macho yasiondoke kwenye mkojo wa mashine, moto ukiwa chini maji ya kupozea yanatoka kidogo, unyasi mmoja ukiziba hujui mpaka ishachemka.

La mwisho, usipunguze mwendo kwa kila samaki. Jodari na vile vyambo vya plastiki vya manyoya wanataka noti sita mpaka nane, na sulisuli nae anafukuzia chambo cha mbio vizuri tu, kwa hiyo hizo 115 zako zitakuwa na siku yake, hapo toa ndoo washa zote mbili. Nguru na kolekole kwa kibua ndio wa mwendo wa ngalawa. Na ukija upande wetu Misali usirambaze kwenye eneo lililofungwa, uliza kwanza mipaka yake, watu wanailinda.

Wewe nenda kapime kwanza, kwenda na kurudi, siku ya maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, ili usichanganywe na bamvua. Ukishapata leta namba zote mbili hapa, na namba ilioandikwa kwenye propela, tupige hesabu kabla hujatoboa ndoo.