Masta ya siasa kwa mtu wa Zanzibar: niliyoyaona mie

Wa alaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Suali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza digrii ya kwanza, unataka masta ya sayansi ya siasa, ami yako anakwambia usitupe pesa kwa sababu siasa hata pale kwenye kahawa watu wanaisoma bure, na weye unauliza ina maana gani, usome wapi, ulipe vipi. Ntakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Mie mtu wa Unguja, wazee wangu wa Chake, masta nimesomea chuo kimoja cha bara, ilikuwa iwe miaka miwili ikaenda mitatu na miezi.

Ami yako usimpuuze, ana neno. Sisi huku siasa tumezaliwa nayo. Kaa Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, jioni moja tu, utamkuta mzee anakutajia matokeo ya urais wa Zanzibar wa 1995 bila karatasi, CCM asilimia 50.2 kwa 49.8 za CUF, chama cha upinzani, anakwambia na viti, Pemba vyote 21 vilikwenda CUF, Unguja vitatu. Sasa mie nilikwenda chuo na hayo yote kichwani, nikaamini nimeshatangulia nusu ya safari. Muhula wa kwanza nikaandika insha kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, kwamba uchaguzi wa 2010 ulikuwa wa amani kwa sababu Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikaa pamoja Novemba 2009 wakazungumza. Mwalimu akairudisha, kaandika neno moja tu pembeni kwa kalamu ya risasi: umejuaje?

Basi ndugu yangu, masta yote ni hilo neno. Nilikasirika, maana kila mtu anajua, nani asiyejua? Nikamfuata ofisini akaniuliza vizuri tu, kama kukaa pamoja ndo dawa, mbona 1999 vyama hivyo viwili vilikaa vikatia saini muafaka, yaani mapatano, na Januari 2001 watu wakauliwa kwenye maandamano ya CUF? Na mbona Oktoba 2001 walikaa tena, wakasaini muafaka wa pili, na 2005 bado palikuwa na vurugu? Nikanyamaza. Sikuwa na jawabu, na nilikuwa nimeishi ndani ya hayo mambo tangu mdogo.

Ilinichukua miezi kulipata. Ukizipanga zile mara tatu pamoja ukazitazama, unaona kilichobadilika si kukaa. Muafaka wa kwanza ulikuwa ahadi ya vyama viwili, wa pili ulileta mabadiliko ya kweli, kwa mfano upinzani ukapata wajumbe ndani ya Tume ya Uchaguzi, lakini serikali yenyewe haikugawiwa, anayeshinda anachukua zote, anayeshindwa anarudi nyumbani na watu wake. 2010 ikawa tofauti. Watu wakaulizwa kwanza kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, Katiba ya 1984 ikabadilishwa kabla ya uchaguzi, ikaandikwa kwamba chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza na mawaziri wanagawiwa kwa hisabu ya viti. Kwa hivyo Oktoba 2010, Dk Shein wa CCM alipopata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, tofauti ndogo kama ile ya 1995, aliyeshindwa alikuwa na pahala pa kukaa. Hilo ndo suali langu lilipozaliwa: kama kanuni iliandikwa ndani ya Katiba, mbona 2015 haikuzuia uchaguzi kufutwa na mwaka uliofuata kurudiwa bila ya CUF? Hapo nikawa na kitu cha kufanyia tasnifu, siyo maoni tena.

Nadharia utaikuta na itakuchosha, nakwambia mapema. Yupo Mholanzi Arend Lijphart aliyetazama nchi yake, watu wamegawanyika kwa dini na itikadi, kila kundi na skuli zake na magazeti yake, na bado serikali inakwenda, akasema siri ni vitu vinne, serikali ya pamoja, uwiano, kura ya turufu kwa kila upande, na kila kundi kujiendeshea mambo yake. Ukiweka Zanzibar juu ya hiyo karatasi utaona viwili vipo na viwili havipo, au vipo nusu. Mie nilipata raha kubwa siku ile niliyoona nadharia inanionyesha kitu cha nyumbani ambacho nilikuwa nakipita kila siku bila ya kukiona. Lakini usifanye kama wanafunzi wengi wanaobandika nadharia mwanzo wa tasnifu halafu haionekani tena mpaka mwisho.

Sasa utafiti wenyewe, hapa ntakaa kidogo maana ndo patamu na ndo pagumu. Kibali cha bara hakitoshi huku, Zanzibar inatoa chake, halafu unashuka na barua mkoani, wilayani, mpaka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Usimruke sheha hata kama unamjua, hata kama ni mjomba wako. Mie nilikuwa na karatasi ya ridhaa, chuo kinataka kila unayemhoji atie saini. Nyumba ya kwanza niliyoingia, wilaya ya Micheweni, nimepokewa vizuri, nimenyweshwa chai, mzee anazungumza robo saa nzima mambo ya 1995 bila ya mie kuuliza, nikatoa ile karatasi na peni. Akanyamaza. Akaitazama, akanitazama, akasema "karatasi ya kutia saini ya nini tena mwanangu, si tunazungumza?" Hapo hapakuwa na mazungumzo tena, ikawa hali ya hewa na bei ya karafuu mpaka nikaaga. Na wa pili vile vile. Nikagundua ile karatasi iliyowekwa kumlinda mtu ndo inayomtia khofu, kwa sababu jina na saini kwenye suala la siasa kwa mtu yaliyomkuta yale si jambo dogo. Nikaandika barua chuoni kuomba ridhaa ya mdomo, mie nisome maelezo, yeye akubali, nitie alama bila jina. Jawabu lilichukua wiki tatu na zile wiki tatu nilikaa Chake kwa shangazi sifanyi kitu. Weye liweke hilo mapema kwenye andiko lako la utafiti kabla hujapanda boti.

Ntakupa moja tu katika mahojiano, kijiji sikitaji. Bi mkubwa mmoja, anasuka ukili barazani kwake, miaa ya kijani na ya zambarau, mkono haukusimama muda wote, uchaguzi wa mwanzo anasuka, kampeni anasuka. Nilipofika Januari 2001 akauma ncha ya ukili kwa meno, mikono akaiweka mapajani. Akanambia mumewe aliondoka usiku kwa mashua kwenda Shimoni, Kenya, kama wengi, na yeye akabaki na watoto wanne hajui kama kafika. Mie kwa ujinga wa ugeni wa kazi nikaangalia karatasi yangu nikauliza suali linalofuata. Shangazi yangu alikuwa ananisindikiza, akanigusa goti. Nikaacha. Tukakaa kimya pengine dakika tano, kuku wanapita, halafu bi mkubwa akautoa ukili mdomoni akaendelea kusuka na akaendelea kusema, na yale aliyoyasema baada ya kimya ndo yaliyobeba sura yangu ya nne yote. Alizungumzia kususiana. "Duka la jirani lina chumvi, mlango kwa mlango, na mie natembea mpaka Konde kutafuta chumvi." Nikarudi chuoni naandika kwa Kiingereza, neno nililokuwa nalo ni boikoti, na boikoti haifiki hata nusu, kwa sababu kususiana kwetu ni chumvi na ni harusi na ni maziko, ni mtu kufa na jirani asije. Nikaliacha neno kwa Kiswahili nikalieleza kwa kurasa tatu, na yule mwalimu wa kalamu ya risasi akanambia hizo ndo kurasa bora za tasnifu. Kwa hivyo usione haya na lugha yako, wasomi wengi wanaoandika kuhusu sisi hilo hawanalo na hawawezi kulinunua.

Na usidhani kuuliza umejuaje ni kuwadharau wazee. Marehemu babu alikuwa akituhadithia kwamba uchaguzi wa Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP, chama cha Afro-Shirazi, kwa kura moja. Kura moja! Sisi watoto tukidhani anatia chumvi. Nilipokuwa nasoma kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, faili liko mbele yangu, karatasi zimegeuka rangi ya chai, ukurasa unaufunua kwa vidole viwili, nikafika kwenye matokeo, na kweli ni kura moja. Na kura hiyo si mchezo, viti vilikuwa 22, ASP 10, ZNP (Hizbu) 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3, na ZPPP wenyewe wakagawanyika, ikawa nguvu sawasawa, serikali haikupatikana, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni na Juni ndo watu 68 wakauliwa. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikamkumbuka babu nikalia, siyo uongo. Alikuwa kasema kweli na mie sasa nimejua kwa nini ni kweli.

Takwimu jifunze, usizikimbie. Wengi wanaingia siasa wakikimbia hisabati halafu wanakwama. Si lazima uwe fundi, lakini ujue kusoma jedwali, ujue sampuli ni nini. Data za Afrobarometer, uchunguzi wa maoni ya wananchi wa nchi za Afrika, ambazo Tanzania zinakusanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, unazipakua bure, anza kuzichezea sasa hivi kabla ya chuo.

Mambo ya chuo. Vyuo vyetu vingi vinataka GPA isiyopungua 2.7 kwenye digrii ya kwanza, ila soma tangazo la chuo chenyewe. Mlimani, Dar es Salaam, ina idara ya siasa na utawala wa umma yenye miaka mingi. Nje, kama una uzoefu wa kazi wa masaa 2,800 jaribu ufadhili wa Chevening wa Uingereza, ni masta ya mwaka mmoja, wanalipa kila kitu, sharti urudi nyumbani miaka miwili, na ukisomea nje kumbuka cheti kitambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ukirudi. Ufadhili wa Ujerumani, DAAD, nao utazame. Bodi ya Mikopo ya Zanzibar kaulize mwenyewe ofisini, usitegemee maneno ya watu. Na kama umeajiriwa serikalini, barua ya ruhusa ya masomo kwanza, chuo baadaye, nimemuona mwenzangu kasimamishiwa mshahara akiwa mwaka wa kwanza, na ada imeshalipwa.

Zaidi ya jina la chuo tafuta msimamizi. Ule mwaka wangu uliopotea haukupotea kwa utafiti, ulipotea kwa msimamizi wangu wa mwanzo, nilimpelekea sura mbili akakaa nazo miezi saba, barua pepe hazijibiwi, ofisi imefungwa, nakuja Dar kwa boti naambiwa kasafiri, narudi. Nilikuwa naona aibu kulalamika, tumelelewa hivyo, mwalimu hasemwi. Mwisho ndo nikaenda kwa mkuu wa idara, nikabadilishiwa, nikapewa yule wa umejuaje, na kwa miezi sita kazi ikakamilika. Kabla hujajaza fomu waulize waliomaliza: anajibu? anarudisha kazi kwa muda gani? Na kubadilisha msimamizi ni haki yako, wala si kumkosea mtu adabu.

Kitu kingine ni chama. Kila mmoja wetu ana upande, mie nao nnao. Lakini nilipoanza kuhoji niliacha kuvaa hata shati la rangi fulani, na nilihoji upande wa pili kwa idadi ile ile, na baadhi yao nimewapenda. Ndani ya nyumba yetu wapo walioniuliza "umehamia kule?" na iliniuma. Kama huwezi kumsikiliza saa mbili mtu aliyefurahi siku weye ulipolia, subiri kwanza, ada usilipe.

Kazi? Sitokuongopea, masta ya siasa haikupi kazi kwa jina lake. Wenzangu tuliomaliza pamoja mmoja anafundisha, mmoja yuko shirika la uangalizi wa uchaguzi, mmoja wizarani pale pale alipokuwa ila kapanda daraja, na mmoja bado anatafuta na ana akili kutushinda sote. Mie nafanya utafiti kwa mikataba ya muda, miezi mitatu kazi ipo, miwili haipo.

Nakuomba kitu kimoja. Hujatwambia unataka kujua nini. Umetaja vyuo vitatu na suali la utafiti hata moja hukutaja. Kaa wiki moja, andika kwa sentensi moja kitu cha siasa za huko Wete ambacho kinakunyima usingizi na ambacho barazani hukupata jawabu, ulilete hapa hapa tulitazame pamoja, na kama liko karibu na la kwangu ntakupa orodha ya mafaili niliyoyasoma Kilimani, namba zake zote nimeziandika kwenye daftari.