Libc6 imepanda, libc6-dev imebaki nyuma

SWALI: Natumia Debian stable (toleo thabiti la mfumo huu wa Linux). Niliongeza hazina ya testing (toleo lijalo, bado linajaribiwa) ili nipate programu moja tu, kisha nikaiondoa. Sasa build-essential, kifurushi cha zana za kuundia programu, haisakiniki. Apt, kisakinishi cha Debian, inalalamika kuhusu libc6, maktaba ya msingi ya lugha ya C. Nirudishe libc6 ya zamani?

JIBU: Hapana. Debian haihimili kushusha matoleo, na karibu kila programu kwenye mashine yako inaitegemea libc6. Ikiharibika, hata apt yenyewe haitafunguka.

Programu uliyoichukua iliundwa juu ya libc6 mpya, ikaivuta. Lakini libc6-dev (faili za kuundia programu zinazotumia libc6), ambayo build-essential inaihitaji, ya stable inadai libc6 yenye namba ileile kabisa. Iliyo mpya zaidi haikubaliki. Hakikisha kwa “apt policy libc6 libc6-dev”: toleo lenye nyota tatu ndilo ulilonalo.

Rudisha hazina ya testing, ila kwanza ipunguzie kipaumbele. Ndani ya /etc/apt/preferences.d/ unda faili lenye mistari hii:

Package: *
Pin: release a=testing
Pin-Priority: 100

Bila hiyo, hazina zote mbili hupata kipaumbele cha 500, apt huchukua toleo kubwa zaidi, na “apt full-upgrade” moja inakuhamishia mfumo mzima testing. Endesha “apt update”, halafu jaribio: “apt -s install libc6-dev/testing”. Herufi -s haibadilishi kitu. Soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukiona mazingira ya eneokazi humo, simama. Ikiwa safi, rudia bila -s.

Safari nyingine tafuta kwanza kwenye hazina ya backports, ambako vifurushi huundwa upya juu ya maktaba za stable.