Kufika Kaş na watoto

Dada, umeuliza mshukie uwanja gani wa ndege mkienda Kaş, ule mji wa pwani ya kusini mwa Uturuki. Shukieni Dalaman: ni kama kilomita 150, wakati Antalya inakaribia 200, na barabara ya pwani ina kona nyingi, watoto watachoka. Bebeni viatu vya kuogelea, maana fukwe za pale ni za kokoto. Ufukwe wa Kaputaş ni mzuri mno, ila ngazi zake ni karibu 200, na kuzipanda kurudi juani na mtoto mgongoni ni kazi kwelikweli. Nendeni asubuhi, kwa dolmuş (daladala za Kituruki) za kwenda mji wa Kalkan. Soko la Kaş ni Ijumaa. Boti ya kwenda kisiwa cha Meis ni safari fupi, lakini kile kisiwa ni Ugiriki: bila viza ya Schengen msikate tiketi.