Jiwe la chumvi liache, ongeza ndoo

Uliuliza kama umwondolee mbuzi wako jiwe la chumvi, maana akishalilamba anamaliza ndoo nzima ya maji. Nafuga ng'ombe na mbuzi wa maziwa hapa Njoro, na mimi nasema usiliondoe. Mbuzi huyo haumwi.

Kiu haianzii kooni. Ndani ya ubongo, kwenye haipothalamasi na pembezoni mwake, kuna seli zinazopima ukolevu wa damu. Damu ikikolea chumvi, seli hizo hupoteza maji na kusinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakomtuma mnyama majini. Ukolevu ukipanda asilimia 1 au 2 tu, inatosha. Mbuzi wenyewe ndio waliotufundisha: mwaka 1953 Bengt Andersson wa Uswidi aliwadunga kiasi kidogo sana cha maji ya chumvi papo hapo kwenye haipothalamasi, na waliokuwa hawana kiu wakaanza kunywa. (Ipo njia nyingine pia: damu ikipungua, kwa mfano mnyama akiharisha, figo huanzisha homoni ya kuuamsha ubongo, na huyo hutamani maji na chumvi pamoja.)

Kinachonitia hofu mimi ni chumvi bila maji. Kiangazi kimoja pampu ya kisima iliharibika, tukakaa siku mbili na vijerikeni vya kuhesabu, huku jiwe la chumvi nimelisahau horini. Maji yalipofika kwa mkokoteni wa punda, huruma ikanishika, nikajaza hori hadi juu. Mtamba wangu mmoja alikunywa bila kuinua kichwa. Usiku nikasikia kishindo: anasukuma ukuta kwa paji la uso, macho wazi lakini nikipunga tochi hapepesi. Hakufika asubuhi.

Daktari wa mifugo alinieleza kwamba ubongo ulikuwa umeshajizoesha kwa kujiwekea chumvi. Maji mengi yalipoingia ghafla kwenye damu, yakafuata chumvi hiyo, ubongo ukavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Nilijiona mjinga, maana nilidhani namwokoa.

Kwa hiyo maji yakikatika, chumvi itoke siku hiyo hiyo. Yakirudi baada ya ukame wa siku mbili tatu, mbuzi mkubwa mwanzishie kikombe kimoja hivi kila saa, hata akilia, na umpigie daktari mapema.