Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Barbara Castle

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Barbara Castle aliwasaliti wafanyakazi mwaka 1969, alipokuwa waziri wa ajira katika serikali ya chama cha Labour, akatoa waraka wa kumpa waziri uwezo wa kuagiza kura ya wanachama kabla ya migomo mikubwa na siku 28 za kusubiri kwa migomo mingine. Naelewa kwa nini jambo hilo linawachoma ninyi wa chama cha wauguzi huko Uingereza. Lakini mimi nikilisikia jina la mama huyo, mawazo yangu huenda Hola, kambi ya kizuizini ya wakoloni Waingereza nchini Kenya.

Nimesema mara nyingi, nawe umechoka kunisikia, kwamba mwanasiasa apimwe kwa anayowatendea watu wasioweza kumpigia kura. Waliomchagua walikuwa Blackburn, mji wa viwanda vya pamba, wala si wao waliomtuma Kenya mwaka 1955 kuchunguza kifo cha Kamau Kichina, aliyefia mikononi mwa polisi. Na watu 11 waliozuiliwa kambini Hola walipopigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959, serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji, yeye alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa habari hiyo izikwe pamoja nao.

Unamkumbuka yule mgeni wa Krismasi aliyeshikilia mbele ya babu yako, mtu aliyepitia Manyani, kambi nyingine ya kizuizini, kwamba habari ya maji haikuwa uongo mtupu? Babu alimwacha amalize chai, kisha akamwuliza kwa upole, "Hayo maji yalikuwa na rungu?" Nacheka hadi leo, ingawa mgeni yule aliendelea kula kwetu miaka mingi bila kuomba radhi, na hilo bado linaniuma.

Hata hivyo, kipimo changu kina kasoro, kwani hotuba ya bungeni kuhusu Hola inayokumbukwa zaidi ni ya Enoch Powell, mbunge wa chama cha Conservative aliyewatetea waliouawa, lakini mwaka 1968 akawageukia wahamiaji kwa hotuba ya kuwapinga. Basi labda tuseme mtu apimwe kwa kuwatendea haki wasioweza kumpigia kura tena na tena, si mara moja tu. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na haki ya kuukataa waraka ule, na James Callaghan, waziri mwenzake, akasaidia kuuangusha. Lakini viongozi wa vyama hivyo walikuwa karibu wote wanaume, na ni Castle huyohuyo, aliyekutana na mafundi cherehani wanawake wa Ford kule Dagenham walipogoma mwaka 1968, ndiye aliyepitisha sheria ya malipo sawa mwaka 1970.

Hukumu nakuachia wewe unayelipa ada ya chama, ingawa mkono unaniwasha kuiandika. Babu yako angekuwa hai, nisingethubutu kumsomea swali lako.

Mzazi wako