Usiache kontabilite leo, anza fotografi na siku ya posho (samedi)

Ndugu yangu, unasema uko komptable miaka sita kwa kampuni ya kuuzia mines vifaa hapa Lubumbashi, na roho yako iko kwenye fotografi. Mimi nilikuwa nauzisha simenti kwa depo moja ya komine Kenya, mtaa wa hapa mjini, nikaacha kwa hasira bila hata komande moja ya picha mkononi, bibi akaninunia wiki mbili hahaha. Usifanye vile. Baki na mushahara kwanza, piga picha za ndoa na mazishi siku ya posho, kiangazi ndoa zinajaa lakini mvua ikianza mwezi wa kumi na moja makuta (feza) inapungua, hapo ndo utajua kama unaweza kuishi nayo. Omba abansi, nusu ya bei, kabla kamera haijatoka kwenye sakoshi, hata kwa shemeji, yaani kwa shemeji zaidi. Na kontabilite usiitupe bana, wengi wetu tunajua mwangaza lakini bei ya transporti na batri hatuhesabu. Angalia pia mpiga picha Sammy Baloji, alisoma UNILU, universite ya Lubumbashi, hapa hapa, na ni mumoja wa walioanzisha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa, 2008. Kamera ya kuazima inatosha kwa sasa.