Baki Liende Wapi? Maswali Yenu ya Kugawanya

Mwalimu, tunasafirisha wageni 115 wa harusi kwa Coaster za viti 28. Kikokotoo kinasema 4.1. Si ni 4?

Kwa makadirio ya darasani, ndiyo. Lakini Coaster 4 zinabeba watu 112, na watatu wataachwa barazani na sare zao. Akizidi hata mtu mmoja unapanda: magari 5. Ila kulipia Coaster nzima kwa watu watatu ni hasara. Kama ukumbi hauko mbali, kodi 4 na bajaji moja.

Shikamoo mwalimu. Nina kitambaa mita 19, shati moja linakula mita 1.6. Nimepata 11.875. Nimwambie fundi 12?

Marahaba. Mwambie 11. Mashati 11 yanakula mita 17.6, zinabaki 1.4, na la 12 linadai 1.6. Labda liwe la mtoto.

Tuko saba, bili ya chakula ni shilingi 100,000. Kila mmoja atoe ngapi?

Hili ndilo linalogombanisha watu. Jibu la kikokotoo ni 14,285.71, na senti hizo hakuna aliye nazo mfukoni, kwa hiyo tufanye kwa mia mia. Mkitoa 14,200 kila mtu, inapungua 600, na atakayeziba ni yule aliyeshika bili. Toeni 14,300. Inapatikana 100,100, mia iliyozidi mwachieni mhudumu.

Sasa geuza. Kikundi cha watu saba kinagawana 100,000 hiyo hiyo, na mhazini anampa kila mtu 14,300 kwa kuwa ndiyo mia iliyo karibu zaidi. Wa sita akishachukua chake, kasha limebaki na 14,200, na wa saba ndiye anayeanza kuuliza maswali. Kwenye kuchanga mnapanda, kwenye kugawa mnashuka: 14,200 kila mtu, na 600 inarudi kwenye mfuko wa kikundi. Iandikwe kwenye daftari kabla watu hawajainuka, maana 600 isiyoandikwa huzaa maneno kuliko laki iliyoandikwa.

Chumba changu ni mita 3.4 kwa 4.4. Nimeshauriwa nihesabu 3 kwa 4 ili iwe rahisi. Ninunue marumaru boksi ngapi?

Tuchukue boksi la vipande 4 vya sentimita 60 kwa 60, yaani mita za mraba 1.44. Ukihesabu 3 kwa 4 unapata 12, gawa kwa 1.44, boksi 9. Vipimo halisi vinatoa 14.96, ukigawa ni 10.39, boksi 11. Huo urahisi umekupunja boksi mbili. Acha desimali zote hadi mwisho, ndipo upande. Mimi ningeongeza boksi moja zaidi, kwa sababu vipande huvunjika fundi anapokata kona.

Maandazi 17, watoto 5?

Matatu matatu. Mawili ni ya aliyekaanga.